Mkutano wa asubuhi: wakati neno "RAS" linaficha shida za timu

Saa mbili ya asubuhi, watu saba wamesimama mbele ya ubao katika biro ya kutengeneza programu za telefone. Wa kwanza anaongea: jana alifanya hiki, leo ataendelea na kile, hakuna shida. Wa pili anasema vilevile. Wa tatu anaeleza kwa dakika nane mambo ya mteja mmoja ambaye wengine hawamjui, na wengine wanaanza kutazama telefone zao. Zamu inafika kwa stajieri. Tangu siku tatu hana neno la siri la kuingia kwenye seva, maana yake tangu siku tatu hafanyi kazi. Anamtazama shefu, kisha anasema kama wenzake: "RAS".

Herufi hizo tatu, kifupi cha maneno ya Kifaransa "rien à signaler", yaani hakuna la kutaja, zinajulikana kwa walinzi, kwa askari, kwa mashirika yasiyo ya kiserkali na katika vikundi vya WhatsApp vya kazi. Ni jibu la haraka na halimletei mtu matatizo. Baada ya dakika arobaini mkutano unaisha, kila mmoja anarudi kwenye meza yake, na ni pale mlangoni ndipo stajieri anamwambia mwenzake kwa sauti ya chini kwamba amekwama.

Picha hiyo si ya biro moja. Anayefanya kazi Kinshasa, Lubumbashi, Bukavu ao Goma ataitambua, hata kama yeye si mtu wa kompyuta. Hospitali zina mkutano wao wa asubuhi, ambamo walioshika zamu ya usiku wanaeleza habari za wagonjwa. Migodi ina dakika zake za kuongea juu ya usalama kabla ya watu kuanza kazi. Redio na magazeti vina mkutano wa kupanga habari za siku. Wote wanakutana kila siku kwa sababu moja: kusudi mmoja ajue mapema kile ambacho mwenzake anakijua. Na wote wanaweza kupatwa na ugonjwa huohuo, ule wa mkutano kugeuka ripoti ya kumtuliza mkubwa.

Mtu akiitwa kusaidia timu kama hiyo, aanzie wapi? Kabla ya kujibu, ni vizuri kujua desturi hii ilitoka wapi, maana sehemu kubwa ya makosa inatokana na kuiga umbo lake bila kujua kazi yake.

Dakika 15 zilizotoka Marekani

Mkutano wa kila siku wa kusimama ulienea duniani kupitia watengenezaji wa programu za kompyuta. Mwaka 1993, katika kampuni ya Easel ya jimbo la Massachusetts, Marekani, Jeff Sutherland na wenzake walianza kufanya kazi kwa namna ambayo iliitwa Scrum. Jina linatoka katika mchezo wa raga, pale wachezaji wanaposhikana mabega na kusukuma pamoja, na lilichukuliwa kutoka maandishi ya mwaka 1986 ya Wajapani wawili, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka. Kuhusu kukutana kila siku, Sutherland alivutiwa na taarifa ya James Coplien juu ya timu ndogo ya kampuni ya Borland iliyotengeneza programu ya mahesabu ya Quattro Pro. Timu ile ilikuwa inakutana karibu kila siku, na mwendo wake wa kazi ulishangaza wataalamu. Mwaka 1995, Sutherland na Ken Schwaber walieleza njia yao mbele ya wenzao wa fani hiyo.

Kutoka hapo yalikuja maswali matatu ambayo yameandikwa kwenye kuta za biro nyingi: jana nilifanya nini, leo nitafanya nini, ni nini kinachonizuia. Mkutano ukapewa dakika 15, si zaidi.

Timu nyingi ziliyachukua maswali hayo kama sala ya kukariri. Mtu anajua zamu yake itafika, anaandaa sentensi zake tatu, na wakati wengine wanaongea yeye hasikilizi kwa sababu anazipanga za kwake. Waanzilishi wenyewe walikuja kuliona jambo hilo. Katika mwongozo wao wa mwaka 2017, maswali matatu yalibaki kama mfano tu. Katika ule wa mwaka 2020 yaliondolewa kabisa. Kilichobaki ni kwamba mkutano ni wa wale wanaofanya kazi yenyewe, unadumu dakika 15, na kila mara wanaangalia kama bado wanaelekea lengo lao na kurekebisha mpango wa siku. Ni ajabu kidogo kwamba hadi leo biro zinaendelea kulazimisha maswali ambayo wenye kuyatunga wameyaacha.

Na kusimama je? Kuna utafiti wa mwaka 1999, wa Allen Bluedorn na wenzake wawili wa Marekani, uliolinganisha vikundi 111 vya watu watano watano. Vikundi 56 vilifanya mkutano wima, 55 vilikaa. Waliokaa walitumia muda mrefu zaidi kwa asilimia 34, lakini maamuzi yao hayakuwa bora kuliko ya waliosimama. Kwa hiyo kusimama kunafupisha mkutano. Lakini utafiti huo haukusema kwamba kusimama kunawafanya watu waseme ukweli. Miguu ikichoka, mtu anasema "RAS" haraka zaidi. Tena, mama mjamzito ao mwenye ulemavu wa mguu hana sababu ya kuteswa kwa ajili ya desturi: akae, na mkutano uendelee.

Orodha ya siku 21

Wakaaji wa Kivu ya Kaskazini na Ituri hawahitaji mifano ya Marekani ili kuelewa thamani ya mkutano wa kila siku. Tarehe 1 mwezi wa nane mwaka 2018, serkali ilitangaza ugonjwa wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini. Ulimalizika rasmi tarehe 25 mwezi wa sita mwaka 2020. Watu 3.470 walihesabiwa kuwa wameugua na 2.287 walikufa.

Katika miaka hiyo miwili, timu za kupambana na ugonjwa zilikutana asubuhi baada ya asubuhi. Kazi moja ilikuwa ya kufuatilia kila mtu aliyegusana na mgonjwa, kumtembelea kila siku kwa siku 21 na kuona kama ana homa. Wengine walikuwa wa chanjo, wengine wa mazishi salama, wengine wa kuongea na raia. Hakuna hata mmoja aliyeweza kufanya kazi yake bila habari za mwenzake. Wa chanjo wanahitaji majina kutoka kwa wanaofuatilia. Wa mazishi wanahitaji kujua mtaa gani una hasira, kusudi wasifike huko bila kutangulizwa na wazee wa mtaa.

Mwezi wa saba mwaka 2019, msafiri mmoja aliyetoka Butembo kwa basi alipatikana na Ebola katika mji wa Goma, wenye watu zaidi ya milioni moja. Siku hiyo, swali halikuwa nani alifanya kazi vizuri jana. Swali lilikuwa: nani alikaa naye ndani ya basi, na nani kati yao bado hajapatikana?

Hapo ndipo hatari ya "RAS" inapoonekana wazi. Tuseme mfuatiliaji amepewa watu kumi na watano wa kutembelea, akawakuta kumi na wawili. Akiogopa kugombezwa mbele ya watu, atasema amewaona wote, ao atasema "karibu wote". Karatasi inabaki nzuri na asilimia inabaki juu. Lakini watatu wale wako mahali fulani, pengine sokoni, pengine ndani ya basi lingine. Akisema kwa wazi kwamba watatu hawakuwepo, na kwamba jirani alimwambia mmoja amekwenda kwa dada yake katika kijiji cha pili, mtu mwingine katika mkutano anaweza kuinua mkono: timu yetu inapita kijiji hicho leo.

Biro ya programu haiui mtu. Lakini utaratibu ni uleule. Habari mbaya ikisemwa asubuhi, kuna wenzake sita wa kuibeba. Ikifichwa, anabaki nayo mmoja, na inakua.

Wiki ya kwanza: kunyamaza na kuhesabu

Kosa la kwanza la anayekuja kusaidia ni kufika na sheria mpya siku ya kwanza. Timu imekwisha kuona wengi wanaopita na sheria mpya. Watamsikiliza kwa heshima, watafuata wiki moja, kisha watarudi pale walipokuwa.

Njia inayofaa zaidi ni kukaa kando kwa siku tano na daftari. Anaandika saa mkutano ulipaswa kuanza na saa ulipoanza kweli. Anaandika nani aliongea na kwa muda gani. Anatazama macho: mtu akiongea, anatazama nani? Kama wote wanamtazama mkubwa hata wakati wanaeleza jambo linalomhusu jirani yao, hakuna haja ya uchunguzi mrefu, hiyo ni ripoti. Njia moja rahisi ya kulipima jambo hilo, inayojulikana na wanaosaidia timu, ni mkubwa ao msaidizi mwenyewe kuangusha macho chini ao kutazama ubao wakati mtu anaongea. Msemaji akikosa uso wa kuripotia, mara nyingi anawageukia wenzake.

Kuna hesabu moja ambayo ina thamani kuliko zote: shida ngapi zilisemwa ndani ya mkutano, na ngapi zilisemwa nje, mlangoni, wakati wa chakula ao katika ujumbe wa siri wa WhatsApp. Kama ndani ni mbili na nje ni tisa, mkutano haufanyi kazi yake, hata ukianza kwa saa kamili na kudumu dakika 14.

Kisha anaongea na kila mmoja peke yake, si katika biro ya mkubwa. Swali moja linatosha kufungua mazungumzo: mkutano huu ukifutwa kesho, utakosa nini? Wapo watakaojibu kwamba hawatakosa kitu. Wapo watakaosema kwamba ni wakati pekee wa siku ambao wanaona nyuso za wenzao. Jibu hilo la pili lisidharauliwe. Kwa timu ambayo imetawanyika, kusalimiana ni kazi pia.

Mtafiti Viktoria Stray wa Norway, pamoja na wenzake, wamefuata mikutano ya namna hii kwa miaka mingi, katika timu za nchi mbalimbali. Walikuta kwamba wafanyakazi wanaipenda pale inapowapa habari wanazohitaji na nafasi ya kutatua shida pamoja. Wanaichukia pale habari zinapokuwa hazina faida kwao, mara nyingi kwa sababu mkutano umegeuzwa kuwa wa kumwarifu kiongozi, ao pale unapokuwa mrefu na wa mara nyingi kupita kiasi. Hakuna kitu katika orodha hiyo ambacho mfanyakazi wa Kongo angeshangaa kukisikia.

Lugha ya mkutano

Kuna jambo ambalo vitabu vya Marekani na vya Norway havisemi, na ambalo katika mashariki ya Kongo linaweza kuwa kubwa kuliko mengine yote. Mkutano unafanywa kwa Kifaransa. Kazi inafanywa kwa Kiswahili.

Nenda katika biro yoyote saa nne ya asubuhi, utasikia watu wawili mbele ya kompyuta moja wakibishana kwa Kiswahili chenye maneno ya Kifaransa ndani. Wanaelewana, wanacheka, wanapata jibu. Watu haohao, saa mbili kabla, walikuwa wamesimama wima wakitafuta sentensi nzuri ya Kifaransa mbele ya mkurugenzi. Mwenye Kifaransa chepesi aliongea dakika saba. Mwenye kazi ngumu kuliko wote alisema maneno manne. Si kwamba hakuwa na la kusema. Kueleza kwamba jambo limeshindikana, kwa nini limeshindikana na unahitaji nini, kunahitaji maneno mengi kuliko kueleza kwamba mambo ni sawa. "RAS" ni Kifaransa ambacho hakuna anayekosea.

Mtu anayesaidia timu anaweza kupendekeza jambo dogo: mkutano wa asubuhi ufanywe katika lugha ambayo watu wanafanyia kazi, na kile kinachopaswa kupelekwa kwa mfadhili ao kwa makao makuu kiandikwe kisha katika Kifaransa na mtu mmoja. Pale ambapo kuna mgeni asiyejua Kiswahili, ao mwenzao wa Kinshasa anayeongea Lingala, mmoja anaweza kumfasiria kwa kifupi. Inachukua dakika mbili zaidi. Wapo wakubwa watakaoona kwamba hilo linapunguza heshima ya kazi. Wapewe ile hesabu ya ndani na nje, waiangalie wenyewe.

Kuanzia kwenye kazi, si kwenye mtu

Baada ya wiki ya kutazama, msaidizi anarudisha kwa timu kile alichokiona, bila kutaja majina. Dakika za mkutano, shida za ndani, shida za nje. Kisha anawaacha wachague jambo moja tu la kubadilisha, na wanalijaribu kwa wiki mbili. Mawili kwa wakati mmoja ni mengi, maana hawatajua lipi limesaidia.

Badiliko ambalo mara nyingi linaleta tofauti ya haraka ni kuacha kuzunguka mtu kwa mtu. Timu inasimama mbele ya ubao wenye safu nne: inayongoja, inayofanywa, inayokaguliwa, iliyoisha. Kila kazi ni kipande cha karatasi. Mkutano unaanzia upande wa kuume, kwenye kazi zilizo karibu kuisha, na kwa kila karatasi swali ni moja: ni nini kinaizuia isiishe leo? Mtu ambaye karatasi yake inaendelea vizuri hahitaji kuongea. Na karatasi ambayo tangu siku nne haijasogea haiwezi kusema "RAS". Inaonekana na kila mtu, na hakuna aliyelazimika kujishtaki.

Kwa stajieri wetu, tofauti ni kubwa. Katika mzunguko wa zamani alipaswa kusema "mimi nimekwama" mbele ya shefu, siku zake za kwanza kazini, wakati anatumaini kupewa mkataba. Mbele ya ubao, mwenzake anauliza tu: karatasi hii inangoja nini? Inangoja neno la siri la seva. Nani analo?

Mazungumzo marefu yanakatwa kwa neno moja ambalo timu inalikubali mapema: "kisha". Wawili wakianza kubishana juu ya jambo lisilowahusu wengine, yeyote anaweza kulisema, na majina yao yanaandikwa kwenye kona ya ubao. Mkutano ukiisha wanabaki wao peke yao. Lakini lazima wabaki kweli. Kona ikijaa majina ambayo hayafuatiliwi, wiki ya tatu watu watakuwa wamejifunza kwamba "kisha" maana yake ni "kamwe", na wataanza tena kubishana palepale.

Mkubwa anakwenda wapi

Hakuna kati ya haya litakalodumu kama mkubwa hakubali, na ni haki kumwelewa. Naye anapigiwa simu. Mteja anataka kujua, mfadhili anataka kujua, makao makuu yanataka kujua kabla ya saa sita. Mkutano wa asubuhi ndio mahali pekee anapopata majibu ya kuwapa. Kumwambia asije bila kumpa njia nyingine ya kupata habari ni kumnyang'anya chombo chake cha kazi. Atarudi, na atakuwa amekasirika.

Kwa hiyo msaidizi anaanza kwa kumuuliza ni habari gani hasa anazihitaji na kwa saa gani. Mara nyingi ni chache: ni nini kimeisha, ni nini kimechelewa, ni wapi anahitajika kusaidia. Ubao unampa mawili ya kwanza bila kumuuliza mtu yeyote. La tatu anaweza kuandikiwa na timu kwa mistari mitatu baada ya mkutano. Kisha anajaribu kuhudhuria mara mbili kwa wiki badala ya tano, ao anasimama nyuma na kuongea wa mwisho.

Kuna jambo moja ambalo yeye tu anaweza kulifanya. Siku moja aanze yeye kusema kwamba amekwama: barua aliyoahidi kuifuatilia serkalini haijajibiwa, na hajui amwone nani. Watu wanaoishi chini ya mkubwa wanajifunza kwa kutazama, si kwa kusomewa sheria. Na siku ambayo mfanyakazi kwa mara ya kwanza atasema habari mbaya kwa sauti, timu nzima itatazama uso wa mkubwa. Akiuliza "unahitaji nini?", wengine wataongea wiki inayofuata. Akiuliza "kwa nini hukusema jana?", kazi ya mwezi mzima imekwenda.

Saa, mvua na amende

Kuhusu saa, wengi wanadhani lazima iwe asubuhi na mapema. Stray na wenzake wanapendekeza timu zijaribu kukutana kabla tu ya chakula cha mchana, kwa sababu mkutano wa saa tatu ao saa nne unaikata asubuhi vipande viwili, na watu hawaanzi kazi nzito wakijua wataitwa. Katika miji ya Kongo kuna sababu nyingine. Mvua ikinyesha Bukavu, pikipiki hazipandi. Kinshasa, foleni ya magari inaweza kula masaa mawili. Umeme ukirudi saa moja ya asubuhi baada ya kukosekana usiku kucha, kila mtu anataka kutumia saa hiyo kwa kazi, si kwa kusimama. Timu ichague saa ambayo watu wote wapo kwa kawaida, na ikishachagua ianze bila kungoja mtu, hata huyo awe mkurugenzi.

Amende kwa wachelewaji, franka mia tano ndani ya kikopo, ni desturi iliyoenea. Wachumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini waliandika mwaka 2000 juu ya shule za watoto wadogo huko Haifa, Israeli, zilizoanza kutoza wazazi waliochelewa kuchukua watoto. Uchelewaji uliongezeka. Mzazi aliyekuwa anaona haya sasa alikuwa analipa, na aliyelipa hana deni. Tena walipofuta amende, uchelewaji haukurudi chini. Timu yenye kikopo ikumbuke hilo kabla ya kupandisha bei.

Kwa wale wanaofanya kazi kutoka nyumbani ao kutoka miji tofauti, mkutano mara nyingi unahamia WhatsApp, na hapo "RAS" inapata nguvu mpya: ni rahisi zaidi kuiandika kuliko kuisema, na wakati mwingine mtu anaituma akiwa bado kitandani. Baadhi ya timu zinaomba badala yake picha ya ubao mara moja kwa siku na sauti ya nusu dakika kutoka kwa yule tu ambaye kazi yake imesimama. Megabaiti zinagharimu feza, na dakika tano za sauti kutoka kwa watu saba, hakuna atakayezisikiliza zote.

Mwisho, kuna timu ambazo hazihitaji mkutano huu kabisa. Watu sita wenye kazi sita zisizokutana popote, kila mmoja na mteja wake, hawana cha kupeana kila siku. Kuwakutanisha asubuhi ni kuwafanya washuhudie ripoti za wengine. Kwao mara moja ao mbili kwa wiki inatosha, na msaidizi mwaminifu anawaambia hivyo, hata kama aliitwa na kulipwa kurekebisha mkutano.

Kwa timu nyingine, dalili za kwanza za kupona si za kupendeza machoni. Mkutano unakuwa na kelele kidogo. Watu wanakatizana. Karatasi zinazosema "imekwama" zinaongezeka ubaoni, na mkubwa anaweza kudhani kwamba mambo yameharibika tangu msaidizi afike, wakati shida ni zilezile, sasa zinaonekana. Siku moja msaidizi anachelewa kwa sababu ya mvua, anafika saa mbili na dakika ishirini, na kukuta ubao umekwisha kupitiwa na kila mtu yuko kwenye meza yake. Kwenye kona kuna majina mawili. Stajieri na mwenye seva wamekaa mbele ya kompyuta moja, wanaongea Kiswahili, na neno la siri linafanya kazi.